Mgongo wa Mama

"Alilia?"

Hilo ndilo swali la mwanzo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiletewa mtoto wa miaka miwili ambaye shingo haijakaza, kabla hajaugusa mguu wala kuunyoosha mkono, humuuliza mama kama mtoto alilia alipozaliwa. Na mama, awe wa Konde au wa Kengeja hapa Pemba, hajiulizi mara mbili, maana jibu analo tangu siku ile. Alichelewa. Alipigwapigwa mgongo, akamwagiwa maji ya baridi, ndipo akatoa sauti kama ya paka. Au hakulia kabisa mpaka kesho yake. Wengine wataanzia nyuma zaidi: uchungu ulioshika Jumatano ukaachia Ijumaa, gari lililotafutwa kijiji kizima usiku wa mvua, mkunga aliyekuwa peke yake na wazazi wanne kwa wakati mmoja.

Hali ya mtoto huyo, mtindio wa ubongo, ni jeraha. Si laana, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si jambo ambalo mtoto atalikuza kwa kulelewa vibaya. Ubongo ambao bado unajengeka, tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, umepata pigo katika sehemu zinazoamrisha misuli, na tangu hapo amri zinakwenda kombo. Misuli ya mtoto mmoja hukaza kama kamba iliyoloa maji, ya mwingine hulegea, ya mwingine haitulii, mikono ikipinda na kujinyonga kila anapotaka kushika kitu. Yuko ambaye upande mmoja tu ndio wenye taabu, naye hutembea, husoma, huoa. Na yuko ambaye mwili wote umekamatwa, hamezi vizuri, hasemi, lakini akisikia jina lake linatajwa vibaya hugeuza uso. Jeraha lenyewe haliongezeki. Anayeongezeka ni mtoto, na sura hii itarudi kwenye jambo hilo kila mara.

Aliyewaonyesha madaktari wa Ulaya uhusiano wa uzazi mgumu na viungo vilivyokaza ni William John Little, daktari wa London ambaye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda. Alianza kufundisha habari hizo mwaka 1843, akaziwasilisha kwa kirefu mbele ya wakunga wakuu wa mji ule mwaka 1861, na kwa muda mrefu hali hii ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1897 Sigmund Freud, kabla hajawa maarufu kwa ndoto za watu, alimpinga: huenda uzazi mgumu si chanzo bali ni dalili, kwamba mtoto alikwisha kuathirika tumboni. Leo tunajua kila mmoja alishika upande wake wa ukweli. Ila Freud alikuwa Vienna. Laiti angekaa wiki moja katika wodi ya wazazi ya pwani hii, nadhani angempa Little haki yake zaidi.

Kipo chanzo kingine ambacho Wapemba wangepaswa kukijua kwa jina, nacho ni manjano. Mtoto mchanga kuwa na macho ya njano siku ya tatu si ajabu, na bibi atasema apelekwe juani asubuhi. Mara nyingi hupita. Lakini manjano yakizidi, sumu yake huingia kwenye ubongo na kuunguza sehemu zinazotuliza mwendo, na mtoto aliyelia vizuri siku ya kwanza huishia na mikono isiyotulia maisha yote. Katika nchi za malaria wapo watoto wengi ambao damu yao imepungukiwa na kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Upungufu huo uliwasaidia mababu zao dhidi ya malaria, lakini damu ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi inapokutana na vitu fulani. Kimojawapo ni nafutalini, vile vidonge vyeupe vinavyotiwa sandukuni pamoja na kanga na nguo zilizotunzwa kwa ajili ya mtoto. Kingine ni hina. Mwaka 2001 madaktari wa Umoja wa Falme za Kiarabu waliandika juu ya watoto waliokuwa katika hatari ya kufa, damu ikiwa imevunjika, baada ya kupakwa hina miilini. Sina ugomvi na hina ya bibi harusi. Ya mtoto wa siku saba ni habari nyingine.

Na malaria yenyewe? Hapa Pemba ina kisa ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malaria ilikuwa kali kisiwani kiasi kwamba utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na foliki asidi, uliofanywa hapa na timu ya Dk. Sunil Sazawal, ulisitishwa mwaka 2003: waliopewa vidonge walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na kubadili ushauri wa dunia nzima kuhusu vidonge hivyo katika nchi za malaria. Ndani ya miaka hiyo hiyo zikaja dawa mseto, vyandarua na upigaji dawa majumbani, na kufikia mwisho wa muongo Zanzibar ilikuwa na malaria chini ya asilimia moja. Sasa liweke hilo karibu na utafiti wa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ulioongozwa na Dk. Angelina Kakooza-Mwesige na kuchapishwa mwaka 2017. Kule, kiasi cha robo ya watoto wenye mtindio wa ubongo walijeruhiwa baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, na malaria ya ubongo ilikuwa mshitakiwa mkuu. Pemba mlango huo umefungwa kwa kiasi kikubwa. Uliobaki wazi ni mlango wa wodi ya wazazi.

Na si mlango usiofungika. Tanzania ilipoanza kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, kwa kumkausha, kumsugua mgongo na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa badala ya kumning'iniza miguu juu, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47 katika hospitali nane zilizofuatiliwa na Dk. Georgina Msemo na wenzake. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mradi wa PartoMa uliwapa wakunga kitabu kidogo cha mfukoni na mafunzo ya mara kwa mara, hapakuwa na mashine ya ajabu, na watoto wanaozaliwa wamekufa wakapungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Tahadhari moja: anayeokolewa dakika ya kumi naye huishi, na pengine huishi na jeraha. Kadiri hospitali zinavyookoa wachanga wengi, nyumba zenye mtoto wa namna hii nazo zinaweza kuongezeka kwanza kabla hazijapungua. Anayepanga bajeti ya afya ya watoto wachanga bila kupanga ya miaka kumi baadaye amepanga nusu.

Tutoke hospitali, twende nyumbani, maana ndiko mtoto anakoishi.

Siku mtoto anapoanza kukakamaa na kugeuza macho, neno la kwanza litakalotamkwa ni degedege. Pwani nzima, toka Bagamoyo mpaka Lamu, degedege ina asili yake: ni dege apitaye usiku, ni shetani, na wako wanaoamini kwamba mtoto akipigwa sindano akiwa katika hali hiyo hufa. Basi hufukizwa, hunyweshwa kombe la zafarani, hufungwa hirizi. Mtindio wa ubongo ukiambatana na kifafa, kama ilivyo kwa watoto wengi, huwa ni degedege isiyokwisha, na safari ya waganga haina kituo. Pemba ina sifa yake katika fani hiyo, watu huvuka bahari kuja kutibiwa. Nimewasikia wataalamu wakiwalaumu wazazi kwa hili na sikubaliani nao kikamilifu. Mganga humkaribisha mama, humpa jamvi, humsikiliza saa nzima, humuuliza habari za mume na wifi. Hospitali humpa dakika tano na kadi. Hirizi haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni miezi inayopita na fedha ya karafuu inayokwisha wakati fenobabitoni, dawa ya kifafa ya zaidi ya miaka mia moja na ya bei nafuu kuliko zote, haijamfikia kinywani. Kifafa kinachoachwa kinaweza kumfuta mtoto alichojifunza.

Lakini si kila la kienyeji ni la kutupwa. Ipo desturi ya pwani ya kumchimbia shimo mtoto aliyechelewa kusimama: anawekwa ndani mpaka kiunoni, mchanga unashindiliwa pembeni, anaachwa asimame hivyo kwa muda huku wenzake wakicheza mbele yake. Bibi atakwambia mchanga unavuta ugonjwa. Mtaalamu wa viungo atakwambia jambo jingine: nyonga zimepata uzito, magoti yamenyooka, mikono imekuwa huru, mtoto anaona dunia kwa urefu wa wenziwe. Kifaa cha kusimamishia cha hospitali, kile cha mbao na mikanda, hufanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba shimo halina bei, na kwamba mtoto wa shimoni asiachwe juani saa sita.

Wako wangapi? Kule Iganga walikuta watoto karibu 3 kwa kila 1,000. Nchi tajiri huwa na 1.6 hivi. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 543,441 Pemba, na karibu nusu ni watoto. Kwa kipimo cha Uganda hiyo ingekuwa zaidi ya watoto mia saba kisiwani, karibu shule nzima. Ni makadirio, si hesabu ya mlango kwa mlango, na masheha ndio wenye daftari. Lakini nenda gulioni, harusini, msikitini, kwenye mechi ya Gombani: utawaona wangapi? Wengi wako ndani, uani, juu ya mkeka. Na wengine hawapo tena. Watafiti wa Iganga waliporudi kuwafuatilia watoto wale, walikuta wamekufa kwa kiwango cha mara 25 ya watoto wengine wa eneo lile. Hawakuuawa na mtindio wa ubongo. Wengi walikufa kwa upungufu wa damu, malaria na maambukizi mengine, maradhi ambayo mtoto wa jirani aliugua akapona.

Maambukizi ya kifua, yaani vichomi, mara nyingi huanzia kwenye bakuli la uji, na hapa inafaa tuangalie kwa karibu.

Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha. Mtoto kalala mapajani, kichwa kimening'inia nyuma juu ya mkono wake wa kushoto, shingo wazi, macho darini. Mkono wa kulia unamimina uji mwepesi, kidogo kidogo, kwa kiganja au kikombe, na uji unateremka wenyewe kwa sababu hauna pa kwenda. Mtoto anakoroma, anakohoa, anakakamaa, nusu ya uji inamwagika kwenye kanga. Mlo mmoja huchukua saa nzima na nguvu ya mlo mwingine. Jaribu wewe kumeza huku umeangalia dari; utaona koo linavyokataa. Uji ukiteleza kwenda njia ya hewa hukaa kifuani, na wiki hiyo mtoto ana homa. Sasa mgeuze. Mkalishe, nyonga zimekunjwa, mgongo umeegemea kifua cha mama au kona ya ukuta, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Uji uwe mzito, ule unaosimama kwenye kijiko, utiwe tui au karanga ili kijiko kimoja kifanye kazi ya vitatu. Kijiko kiingie kwa mbele, kiguse ulimi, kingoje mdomo ufunge. Subiri ameze. Hakuna dawa hapo, hakuna mashine. Mama akifundishwa na mtu anayejua, na akaangaliwa akifanya mwenyewe siku mbili tatu, mtoto ataongezeka uzito.

Ataongezeka uzito! Hiyo ndiyo furaha na ndiyo taabu. Alizaliwa na kilo tatu. Akiwa na kumi mama humfunga kwa kanga mgongoni na kwenda naye shamba, kisimani, kliniki. Akiwa na kilo kumi na nane, miguu inamgonga magotini. Akifika ishirini na tano, na Pemba si nchi ya tambarare, ni vilima na mabonde ambayo mvua huyageuza utelezi, kliniki hukatwa. Si kwamba mama amekata tamaa, kama kadi zinavyoandikwa. Mgongo umekataa. Tangu hapo mtoto hatoki, na kwa kuwa hatoki hanyooshwi, misuli inafupika, nyonga zinachomoka, kumsafisha kunakuwa kazi ya watu wawili. Baba katika simulizi hizi mara nyingi yuko Unguja, Mombasa au baharini, na mara nyingine ameoa kwingine kwa kisingizio kwamba damu mbaya ni ya upande wa mke. Wapo akina baba wanaobaki, na wanaobeba. Sitaki kuwasahau, ila ni wachache kiasi cha kujulikana kijijini kwa jambo hilo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho msaada wowote unapaswa kuuliza si "tumfanyie nini mtoto" bali "tuupunguzieje mgongo huu". Kiti ni jibu moja. Zimbabwe alikuwako mwalimu, Bevill Packer, aliyegundua kwamba maboksi na magazeti yakibandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, yakakaushwa juani, huwa magumu kama mbao. Ufundi huo ulisambaa Afrika, na viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo ni moja ya kazi zake bora, kwa sababu kiti hutengenezwa kwa kumpima mtoto huyu: kina cha paja lake, upana wa nyonga yake, meza mbele ya mikono yake. Boksi la sabuni na la tambi halikosekani duka lolote la Chake Chake. Fundi seremala wa mtaani naye anaweza kiti cha kona kwa mabaki ya mbao na kamba ya usumba. Mtoto aliyekaa huona, huchezea kijiko, huchekeshwa na wenzake na kucheka nao. Mama hupata mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka anapika bila mtu mapajani.

Viti vya aina ya pili vinajulikana zaidi kwa sababu huja na hafla. Turubai, mgeni rasmi, qasida, viti mwendo kumi na tano vimepangwa mstari bado viko kwenye nailoni, picha, mkono wa kheri. Sipingi hafla, mtoaji naye ana haki ya kufurahi. Lakini vingi ni viti vya kusukumia mgonjwa kwenye sakafu ya hospitali, kipimo cha mtu mzima, maringi membamba yanayozama kwenye mchanga wa Makangale na kukwama kwenye mawe ya njia ya Wambaa. Mtoto wa miaka minne huwekwa humo akafungwa kanga asianguke, anapinda kama ndizi, na miezi sita baadaye mgongo umepinda zaidi ya awali. Bomba likikatika hakuna spea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kwamba kiti mwendo ni kifaa cha kupimwa na kufuatiliwa, kama miwani, na Moshi pale KCMC kipo chuo cha mafundi viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu wa kazi hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika. Ujuzi uko ndani ya nchi. Haujaingia tu kwenye bajeti za hafla.

Mashirika ya kuwasaidia watu wenye mtindio wa ubongo, mahali pengi duniani, hayakuanzishwa na madaktari. Uingereza mwaka 1952 wazazi watatu na mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii walichoshwa na kuambiwa kwamba watoto wao hawafundishiki, wakaunda chama ambacho leo kinaitwa Scope. Chama kikawa kikubwa, kikajenga shule na vituo, na wale watoto walipokuwa watu wazima baadhi yao wakageuka wakosoaji wake wakali, wakipinga mabango ya kutia huruma na kuamuliwa mambo bila kuulizwa. Zanzibar ilianza kwa njia nyingine: Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, uliundwa mwaka 1985 na wenye ulemavu wenyewe, nao una watu wake Pemba. Mwaka 1999 ikaja ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili na familia zao, ikishirikiana na wenzao wa Norway, nayo pia ikavuka mpaka Pemba. Mtu mwenye mtindio wa ubongo huangukia katikati. Wapo wenye akili kali ajabu ambao kwa kuwa hawasemi huandikwa "ulemavu wa akili", na wapo walioathirika vyote viwili. Wazazi hawajali sana mtoto yuko kwenye orodha gani, almuradi mtu aje.

Na kuja ndiko kugumu. Kojani na Kisiwa Panza hufikiwa kwa chombo. Watafiti na wafanyakazi wa jamii wa Kilifi, Kenya, ng'ambo ya maji tu kutoka hapa, walilishika suala hili kwa mkono tofauti: badala ya mtaalamu kuzunguka nyumba kwa nyumba, walezi wa watoto wenye ulemavu walisaidiwa kuunda vikundi vyao, wakaweka akiba, wakaanzisha biashara ndogo, wakafundishana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha walezi wakisaidiana zaidi na mizigo yao ikipungua. Mama anayemfundisha mama mwenziwe kulisha hahitaji kutafsiriwa, anajua uji wa wapi na kijiko cha namna gani. Pemba ina upatu, ina vikoba, ina vikundi vya mwani. Mbegu ipo.

Kwa ambao wanahitaji daktari wa mifupa au mtaalamu asiyekuwepo kisiwani, njia ni bahari. Dar es Salaam ipo CCBRT, shirika lililoanza mwaka 1994 na ambalo hospitali yake ya Msasani inajulikana kwa miguu kifundo, fistula na huduma za watoto wenye mtindio wa ubongo. Walijifunza mapema kwamba matibabu ya bure hayatoshi kwa asiye na nauli, wakaanza kuwatumia wanawake wenye fistula nauli kwa M-Pesa. Busara hiyo inafaa kuigwa hapa. Hesabu ya mama wa Micheweni si bei ya mazoezi. Ni daladala mpaka bandari ya Mkoani, boti kwa watu wawili, mtu wa kumsaidia kupanda daraja la boti akiwa na kilo ishirini na mbili begani, pa kulala Dar, na nani atawapikia waliobaki.

Fedha zitoke wapi? Wafadhili huja na mradi wa miaka mitatu, mtoto ana miaka sitini ya kuishi. Naona ajabu kwamba katika kisiwa ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu, na ambacho zamani mtu aliweza kuacha mikarafuu yake wakfu ili msikiti upate mafuta ya taa, hatujazoea kusikia shamba lililowekwa wakfu kumlipa fundi mmoja wa viti. Wakfu haukatiki mwaka wa tatu. Tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tuna sadaka za Ijumaa ambazo mtoto hupewa mkononi, sarafu isiyokaa kiganjani kwa sababu kiganja hakifunguki.

Nije kwa watu wazima, ambao watoaji huwasahau kwa sababu hawapendezi pichani. Mtoto aliyevuka utotoni Pemba ni mshindi wa mbio ngumu. Hata hivyo siku anapomaliza miaka kumi na minane huduma za watoto humwacha, na za watu wazima hazijajiandaa kumpokea. Mama yake ana miaka hamsini na kiuno kibovu. Msichana anaingia hedhi na mahitaji yake hayajadiliwi na mtu. Hatari nyingine haipaswi kuzungukwa: mwanamke asiyeweza kukimbia wala kupiga kelele ni windo la udhalilishaji, na mara nyingi mhalifu ni mtu wa mlango wa pili. Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu za kesi hizo mwaka 2021, ni hatua ya kweli, lakini kesi hutaka shahidi aseme, na yeye anasema kwa macho na kwa sauti ambayo mama pekee anaielewa. Hakimu anahitaji mtu wa kumfasiria ambaye si mama, ubao wa picha, na subira ambayo ratiba ya mahakama haina. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ilizungumza juu ya haki, na iliyokuja mwaka 2022 inazungumza vivyo hivyo. Inangoja vifaa.

Hata kuandikishwa ni kazi. Bila kitambulisho hakuna msaada wa kudumu, na tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole hakuna simu yenye jina lako, kwa hiyo hakuna fedha inayokufikia bila kupitia kwa mtu. Mashine inataka vidole vilivyonyooka. Kijana anakaa mbele ya afisa, ngumi imekaza, na kadiri anavyojua kwamba watu wanamngoja ndivyo inavyokaza. Afisa anajaribu kukifungua kidole kimoja kimoja, kwa upole kisha kwa nguvu.

"Utamvunja, mwanangu," mama anasema. "Niachie."

Anaushika mkono wa kijana juu ya kifundo, anaukunja kiganja kuelekea ndani, taratibu. Vidole vinalegea vyenyewe, vyote vitano, kwa sababu ndivyo kano zilivyopitishwa mkononi: kifundo kikikunjwa, kamba za vidole hupata nafasi. Hakusomea popote. Amemkata kucha mtu huyu kwa miaka ishirini.

"Sasa weka mashine yako chini yake," anamwambia afisa, "usimlete yeye kwenye mashine."